Bande ya Vita ya Kasereka

Juzi mliponiaga pale stesheni ya redio, mmoja wenu aliniuliza zamani habari tulikuwa tunazitoa wapi, kabla ya simu za mkononi. Wengine mlicheka, nami nikacheka, maana jibu lake ni refu na soda zilikuwa zinapata moto. Sasa niko nyumbani Kasuku, sina taarifa ya saa sita ya kuwahi, kwa hiyo nakaa nijibu. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo mliviona ukutani, na mishahara ya wakati ule mkiisikia mtanihurumia bure.

Nilianza kazi miaka ya Zaire, wakati kila mwanamume alikuwa citoyen na kila mwanamke citoyenne, yaani raia, hata muuza mihogo. Siku ya kwanza nilivaa kitenge kipya, nikidhani nitapewa mikro ya kusemea palepale. Fundi wa stesheni, papa Shabani, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyoshikwa kwa waya, akanitazama kitenge, akanipa wembe. Wembe wa kunyolea ndevu, wa kawaida kabisa. Akasema kabla ya kusema, mtu ajifunze kukata.

Sauti zote tulizichukua kwenye bande, yaani ule ukanda mwembamba wa kahawia unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Ukitaka kuondoa neno, unausogeza ukanda kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka usikie neno linapoanzia. Unatia alama, unaulaza kwenye chuma chenye mfereji, unakata, unaunganisha na utepe wa gundi. Nilikaa majuma mengi nikikata vikohozi vya wakubwa. Wakubwa wa Zaire walikohoa sana, sijui ni sababu ya zile kola.

Papa Shabani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mambo matatu aliyarudia mpaka nikayaota. La kwanza, usikate pumzi. Mtu huvuta pumzi kabla ya kusema, na ukiiondoa hiyo pumzi, msikilizaji hajui amekosa nini ila hakuamini tena. La pili alilisema hivi: "Wembe inakata wakati, haikati mutu." Maana yake, watu wawili wakisema kwa pamoja huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwenzake, wote wanabaki au wote wanaondoka. La tatu lilihusu mashine yetu ya pili. Kichwa chake cha kufutia kilikuwa kimechoka. Ukirekodi kitu kipya juu ya kitu cha zamani, cha zamani hakifutiki sawasawa, kinabaki kwa chini kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Kwa hiyo mashine hiyo tuliitumia kusikilizia tu, kurekodi tulirekodi kwenye ya kwanza.

Sasa habari. Sheria ilikuwa kwamba jambo la mji wetu wa Kindu halijatokea mpaka Kinshasa iseme limetokea. Stesheni yetu iko karibu na bandari, king'ora cha meli kilikuwa kinaingia ndani ya taarifa bila ruhusa ya mtu. Niliona mtumbwi ukizama na magunia ya mchele, watu wanaogelea wanapiga kelele, mimi nimekaa kwenye mikro nasoma hotuba ya mkutano wa Chama. Nikitoka nje watu wananiuliza, mama Feza, wamepona wangapi? Nawajibu sijui, na wananielewa. Walizoea kuniamini kwenye mambo madogo na kunisamehe kwenye makubwa.

Mambo madogo ndiyo yaliyotupa heshima. Kila adhuhuri, baada ya taarifa, tulisoma matangazo ya jamaa: fulani amefika salama Punia, fulani aje haraka mama yake ni mgonjwa, na vifo. Vifo hasa. Simu hazikuwepo, barabara mnazijua, hivyo jamaa wa Kibombo na Pangi walijua wamefiwa kwa sauti yangu. Kifo kisichosomwa redioni, watu wa Kindu walikiona hakijakamilika. Wajomba hawaji, matanga hayakai vizuri, na mjane anakaa katikati ya nyumba kama mtu anayesubiri meli. Na arobaini ikipita, jamaa walikuja stesheni kutoa shukrani kwa sauti yao wenyewe. Hizo tulizirekodi kwenye bande kwanza, kwa sababu wengi hulia.

Kasereka alikuja Kindu kutoka Butembo, kama wafanyabiashara wengi wa Kivu ya Kaskazini. Alikuwa na duka karibu na soko, akiuza vitenge, betri na taa. Mtu mnene, mcheshi, mwimbaji wa kanisa lao, mwenye kicheko kinachofika barabarani kabla ya yeye mwenyewe. Mwaka mmoja alirudi kutoka Kampala na televisheni ndogo na kisanduku cha mchezo. Unashika kifaa chenye vifungo, na kwenye kioo kuna askari mwenye ukubwa wa punje ya mchele. Askari huyo anapiga bunduki, ta-ta-ta, maadui wanaanguka, na mwisho inapita treni juu ya daraja nawe unailipua. Ndiyo hivyo tu. Kasereka aliweka vyote chumba cha nyuma, akawasha jenereta, na mji mzima ukapaita Vita ya Kasereka.

Wacha niseme walioenda hawakuwa watoto peke yao. Walimu walienda, makarani wa reli walienda, na wanajeshi walienda wakiwa wamevaa kiraia, wakidhani viatu vyao havionekani. Mmoja wao alikuwa kapiteni wa usalama. Jina lake sitalitaja, wajukuu wake nawajua na ni watu wema. Mji ulimjua zaidi kwa sauti. Kila Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji, yeye ndiye alikuwa anasimama juu ya kilima cha takataka akitupigia kelele, "Mbele, mbele kabisa!" Sauti yake ilikwaruza kama sepetu kwenye mawe. Watoto waliiigiza, walevi waliiigiza, hata papa Shabani aliiigiza akisogeza meza.

Siku moja nilibeba kinasa sauti begani nikaenda kwa Kasereka kutengeneza kipindi kuhusu burudani mpya za mji. Nilimkuta amekaa na kapiteni, wanacheza wawili, jasho linawatoka, wanapigiana kelele. Nikawasha. Kasereka aliniona akanikonyeza. Kapiteni sidhani aliona kitu chochote zaidi ya lile daraja. Baada ya mchezo kapiteni alitoka, nami nikazungumza na Kasereka peke yake mwishoni mwa bande. Akacheka akasema maneno ya kibiashara, ya kuvutia wateja: "Hapa kwangu njo masomo ya vita. Unaingia haujue kitu, unatoka unajua kupiga mutu na kuvunja train." Nikacheka naye.

Mkurugenzi wetu, citoyen Lutumba, nilipomweleza kipindi na yale masomo ya vita, alikataa bila kuisikiliza bande. Alisema halijengi taifa. Bande nikaiweka kabatini.

Halafu treni ikashambuliwa. Ilikuwa treni ya mizigo inakuja Kindu, na kabla haijafika watu wenye silaha wakaisimamisha kwa magogo, wakapiga risasi, wakachukua walichotaka wakaingia porini. Mlinzi mmoja wa reli alikufa, Yuma, kijana mpole ambaye alikuwa anatubebea mafuta ya jenereta kutoka stesheni ya reli. Treni iliingia mjini mchana na matundu ubavuni, watu wote wakaiona. Mimi siku hiyo nilisoma habari ya mavuno ya pamba mkoa mwingine.

Mjane wa Yuma, mama Zaina, alikuja kesho yake asubuhi na tangazo la kifo. Citoyen Lutumba alitoka mwenyewe kumwambia angoje kidogo. Akangoja kwenye benchi letu mpaka jioni. Akarudi siku iliyofuata, akaambiwa aende nyumbani, redio itamwita. Wajomba wa Pangi hawakuja. Yuma akazikwa na majirani.

Kimya kile kilituharibia mji. Kindu ilikuwa na watu wengi waliokumbuka uasi wa zamani, waliolala porini na watoto mgongoni, na redio isiponena wao hujaza wenyewe. Wakasema waasi wamerudi. Wakasema wako ng'ambo ya mto. Wengine walishafunga magodoro. Ndipo redio za nje zikasema, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba magaidi wameshambulia treni karibu na Kindu na serikali imeshikwa na butwaa. Mtu anakaa Ulaya anawaambia watu wa Kindu kilichotokea Kindu, nami niko hapa mwendo wa kutembea tu, mdomo umefungwa. Niliona haya mpaka nikapita njia ya nyuma kwenda kazini.

Kinshasa ikakasirika. Ikamwita Komisera wetu, mkuu wa mkoa, kwa fonia, ile redio ya kuzungumzia, ikataka magaidi, na ikawataka upesi. Magaidi wa kweli walikuwa porini na bunduki, jambo ambalo lilifanya kuwatafuta kuwe na usumbufu. Lakini sokoni watu walishaanza kuulizana, hawa wamejifunza wapi kusimamisha treni? Kwa nani kuna treni inalipuliwa kutwa nzima? Na huyo mtu ametoka wapi, kwao ni wapi? Kapiteni alimkamata Kasereka mbele ya wateja. Nilimwona akipita, mikono imefungwa nyuma, kofia imeanguka, anawaambia watu samahani, samahani, kama mtu aliyewachelewesha.

Hapo citoyen Lutumba akaikumbuka bande yangu. Sijui ilikuwa woga au tamaa ya kusifiwa, nadhani ni vyote. Alimwambia kapiteni kuwa redio ina sauti ya Kasereka akifundisha vita. Kapiteni akafurahi, akaagiza tuikate vizuri, itolewe saa sita pamoja na tangazo kwamba mkufunzi wa magaidi amepatikana. Baada ya hapo Kasereka angepandishwa ndege ya Kinshasa. Waliopandishwa ndege ile kwa mashtaka yale hatukuwaona tena. Na pengine asingefika kwenye ndege, maana watu walishakusanyika nje ya gereza na mawe, wakingoja redio iseme ndiyo.

Nilikaa na papa Shabani chumba cha kukatia, mlango umefungwa, tukaisikiliza yote kwa sauti ya chini. Mwanzo ule wa mchezo, na sauti mbili. Mwisho ule wa Kasereka peke yake, masomo ya vita. Nilisema nitamfuata kapiteni ofisini nimwambie sauti yake imo. Papa Shabani alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia: "Usimwambie akiwa peke. Ukimwambia peke, bande itapotea, na weye utapotea nayo. Ngoja mukubwa akuwe hapa, bande iseme yenyewe."

Desturi ilitusaidia. Tangazo lolote la serikali Komisera alilisikiliza kabla halijaenda hewani, na siku ile alikuja mwenyewe, kwa abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, na kitambaa cha kufutia jasho. Kapiteni akaja nyuma yake, na citoyen Lutumba nyuma ya wote akisogeza viti ambavyo havikuhitaji kusogezwa. Komisera alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliuliza kama bande ni tayari. Nikamjibu bado sijakata, ningependa aisikie nzima kwanza, achague mwenyewe. Kapiteni akasema ni sawa, lakini tufanye haraka.

Nikawasha. Ikaja ngurumo ya jenereta, ikaja ta-ta-ta ya mashine, na vicheko. Halafu Kasereka, wazi kabisa, akipiga kelele kwamba treni inakuja, ilipuliwe. Komisera akatikisa kichwa polepole. Citoyen Lutumba akatabasamu. Na juu ya sauti ya Kasereka, pamoja nayo, neno kwa neno, ikaja ile nyingine inayokwaruza: "Mbele, mbele kabisa! Lipua yote, usibakishe hata mumoja!"

Kichwa cha Komisera kikasimama. Bande ikaendelea. Mbele kabisa ilirudi mara nyingine, na nyingine, na kicheko kikubwa cha mtu ambaye hatukuwahi kumwona akicheka. Papa Shabani alikuwa anatazama dari.

"Simamisha," Komisera akasema. Nikasimamisha. "Ile sauti njo ya nani?"

Sote tuliijua, maana sote tulikuwa tumefyeka majani Jumamosi iliyopita. Mwishowe kapiteni akasema alikuwa kwenye upelelezi. Komisera akajipangusa shingo, akasema ameona, kapiteni amepeleleza kwa furaha nyingi.

Kapiteni akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, hata wakati wa uasi, maana wakati wa uasi nilikuwa na watu wa kukimbia nao.

"Toa yangu," akasema. "Bakisha yake."

"Haiwezekane, citoyen. Mulisema pamoja. Wembe inakata wakati, haikati mutu."

"Hakuna fasi anasema yeye peke?"

Ilikuwepo. Ilikuwa pale, mbele ya macho yake, kwenye gurudumu la kushoto, karibu na mwisho, na wembe ulikuwa mezani. Dakika chache za kazi na Kasereka angekuwa mfu. Nilimtazama kapiteni usoni, nikasema: "Hakuna."

Jenereta ya stesheni ilikuwa inanguruma nje. Komisera aliangalia lile gurudumu la kushoto, ambalo lilikuwa bado limejaa. Halafu hakuniuliza mimi, alimuuliza kapiteni.

"Bande ingali mingi. Tuendelee kusikiliza?"

Nilisikia kapiteni akivuta pumzi, ile ambayo papa Shabani alinifundisha nisiikate.

"Haina lazima," akasema.

Komisera aliomba karatasi akaandika tangazo jipya palepale, akaagiza bande ifutwe, akaondoka. Nami saa sita nikalisoma. Lilisema treni ilipata hitilafu ya mitambo. Lilisema pia kwamba michezo ya vita inayotengenezwa ng'ambo inaharibu fikra za raia, hivyo inapigwa marufuku Maniema nzima, na mashine iliyopatikana imetaifishwa. Kwa hiyo treni haikupigwa na mtu, Yuma hakufa, na mwenye kosa alikuwa yule askari wa ukubwa wa punje ya mchele. Nililisoma bila kukosea hata neno moja. Watu walinipongeza kwa matamshi.

Kile kipande cha mwisho, cha Kasereka peke yake, nilikikata siku hiyohiyo, nikakitia ndani ya kitenge, nikakichoma jikoni kwenye makaa chini ya sufuria ya sombe, yale majani ya mihogo. Kilitoa harufu mbaya sana. Bande iliyobaki tukairudisha kabatini ingoje kufutwa kwa kurekodiwa kitu kingine, maana bande zilikuwa adimu na hatukuzitupa.

Kasereka akaachiliwa anachechemea. Nilidhani yamekwisha. Kumbe redio haikumtaja kwa mabaya wala haikumtaja kwa mema, na kwa mji uliokuwa na hofu hiyo ilitosha. Walimwita terorisiti, yaani gaidi, akipita. Mawe yaliruka juu ya bati lake. Mke wake alipeleka watoto kwa jamaa. Mteja akiingia dukani kununua betri alichungulia kwanza barabarani. Mashine yenyewe, iliyotaifishwa, majirani waliisikia ikilia ta-ta-ta nyumbani kwa kapiteni siku za Jumapili. Huko ndiko taifa lilikokuwa linakaa.

Kilichonitia uchungu ni kwamba Kasereka hakufunga duka akaondoka. Aliposikia mama Zaina amebaki na matanga yasiyo na wajomba, alipeleka gunia la mchele, sukari na majani ya chai. Alipeleka mwenyewe, mguu unavuta. Kuna waliokataa kula. Mama Zaina akawapakulia kwa nguvu.

Arobaini ilipopita, mama Zaina alikuja stesheni kutoa shukrani. Citoyen Lutumba alimruhusu, kwa sharti asiseme mumewe amekufaje. Alikubali bila kubishana, jambo ambalo lilinifanya nimwogope kidogo. Siku hiyo mashine ya kwanza ilikuwa imekatika mkanda, na papa Shabani alikuwa uvunguni mwake akiushona. Ikabidi nitumie ya pili. Nikachukua bande yoyote, ya kwanza mkono kuigusa kabatini, nikaipachika, nikamwekea mjane mikro, nikamwambia aseme. Akasema bila kulia. Nikazima, nikaipeleka moja kwa moja kwenye matangazo ya adhuhuri, maana saa ilikuwa imefika.

Nilikuwa nimevaa visikilizio nilipomsikia tena, hewani, Maniema nzima. Akasema yeye ni mke wa Yuma wa reli. Akawashukuru majirani waliochimba kaburi. Na chini ya sauti yake, mbali, kama kwenye chumba cha pili, nikasikia ta-ta-ta. Ta-ta-ta-ta. Na watu wakipiga kelele. Maneno hayakusikika, sauti hazikutambulika. Ilisikika vita tu, na ngurumo ambayo ingeweza kuwa jenereta na ingeweza kuwa treni.

Ile bande. Mkono wangu ulikwenda kwenye kifungo cha kushusha sauti. Kupitia kioo nilimwona papa Shabani amesimama na mkanda mkononi, na yeye amesikia. Citoyen Lutumba alikuwa bandarini akipokea mgeni. Mama Zaina akaendelea, risasi zikiendelea chini yake: "Na ninashukuru papa Kasereka. Bwana yangu alikufa kwa kazi, na papa Kasereka njo alilisha watoto yangu. Mwenye kumutupia majiwe, anatupia mimi."

Niliondoa mkono. Niliuweka juu ya mapaja, nikaukalia ule mwingine, na bande ikazunguka mpaka mwisho.

Nilingoja kukamatwa. Hakuna aliyekuja. Ili kunikamata, kapiteni angelazimika kueleza redio imetoa sauti gani na ameitambuaje, na mwalimu wake wa kunyamaza alikuwa Komisera. Jumamosi kwenye salongo alisimama juu ya takataka zake akatuelekeza kwa kidole, bila neno. Wanawake wawili mbele yangu walifyeka huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Mtu wa kwanza kuingia duka la Kasereka bila kuchungulia barabarani alikuwa ndugu wa marehemu Yuma, akanunua betri, akakaa kwenye kiti. Baada yake wengine wakaja.

Mpaka leo kuna wazee Kindu wanaoapa kwamba redio yetu ilirekodi shambulio lile lenyewe, na kwamba mimi nilikuwa ndani ya treni. Nimejaribu kukanusha. Wananitazama kwa huruma, kama walivyonitazama zamani niliposema sijui.

Jioni ya siku ile ya shukrani nilimkuta mama Zaina amesimama nje ya lango la stesheni, na nyuma yake wanaume wawili wenye mizigo, wamejaa vumbi la barabara. Akaniambia ni wajomba wa Pangi, walikuwa Kalima, wamesikia wakapanda gari la kwanza. Nikataka kumweleza kuhusu bande, mashine ya pili, kichwa cha kufutia. Alinishika mkono akaukunja ndani ya mkono wake.

"Yuma alikuwa hajakufa," akasema. "Leo njo amekufa, mama Feza. Sasa tuache twende tumulie."